Polisi wa Kwenye Video Hana Mkwe

Wajukuu zangu wakikaa mbele ya televisheni, wakaona polisi anamzaba mtu makofi halafu anatia bahasha mfukoni, wananigeukiaga: "Bibi, hivi kweli wanakuwaga namna hii?" Nawajibu kwamba kweli ipo, ila kuna vitu mtengenezaji wa filamu kavisahau. Wanacheka. Basi ngoja niwaeleze kilichosahauliwa, maana mimi nilikiona mwaka wa tisini, pale pale Kigera, Musoma, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu na ungo wa choroko mapajani.

Wifi yangu Hyasinta, mjane wa marehemu kaka yangu, ndiye aliyeleta video Kigera. Kaka alikuwa fundi kwenye jineri ya kuchambulia pamba Bunda, na alipofariki mafao yake yakaenda Mwanza yakarudi yakiwa televisheni moja na deki moja ya video. Watu walimwona Hyasinta kichaa. Shamba hakununua, cherehani hakununua. Lakini baada ya mwezi mmoja sebule yake ilikuwa inajaa kila saa tisa mchana, watu wakikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kwa wanakwaya, na yeye analisha watoto wake watatu bila kumpigia mtu magoti. Miaka ile tulikuwa ndio kwanza tumetoka kwenye shida ya kupanga foleni ya sabuni. Mtu akipata kitu cha kumchekesha, alikuwa analipa.

Filamu zilikuwa za Kizungu, na Kizungu chenyewe hatukukijua. Kwa hiyo Hyasinta alimweka Kasmiri atufafanulie. Kasmiri aliwahi kufanya kazi kwenye meli za ziwani, akarudi na kofia moja na Kiingereza cha kutosha kuagizia chai. Alikuwa anasimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, anatuambia nani kasema nini. Asipoelewa alitunga, na tulipendaga zaidi alipotunga.

Sasa nimtaje mkwe wangu. Koplo Magesa ni mtu wa Butiama, wa ukoo wa wafugaji, amemwoa binti yangu Pelagia. Tangu siku alipoleta ng'ombe za mahari mpaka mwaka ule ninaousimulia, miaka tisa, mimi na yeye hatukuwahi kutazamana usoni. Ndiyo heshima yetu huku. Mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali mmoja mbele ya mwingine, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mimi nilimjua kwa mlio wa viatu vyake vya kazi. Yeye alinijua kwa kanga.

Na alikuwa mkwe mwema, nisimpunje. Upepo ulipong'oa bati za nyumba yangu, alingoja Jumapili nimekwenda misa, akaja na nyundo. Niliporudi nikakuta bati zimepigiliwa, misumari imepangwa kwenye mstari kama vifungo vya shati, na mwenyewe ameshaondoka kwa njia ya nyuma. Mwaka wa themanini na tatu, maduka yote meupe, serikali inasaka walioficha bidhaa, Pelagia aliniletea sukari kwenye mfuko wa kaki. "Magesa amesema mama anywe chai." Sikuuliza ilikotoka. Niliinywa, tena nilikuwa nafunga mlango kwanza ili jirani asisikie kijiko kinakoroga.

Magesa alipenda video kuliko watoto wanavyoipenda. Alikuwa anaingia bure, anakaa benchi la mbele. Mimi nami niliipenda. Hyasinta akatupatia njia: akatundika kitenge kwenye mlango wa chumba chake cha kulala, mimi nakaa kitandani kwake natazama kupitia kwenye upenyo, mkwe anakaa sebuleni. Sote wawili tulijua. Hakuna aliyesema.

Siku yenyewe ilikuwa filamu ya polisi mmoja mbaya sana. Miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Hafungui mlango kwa mkono, ni kwa teke tu. Anaingia dukani anamkunja mzee shati, anapindua meza, anaondoka na mfuko wa pesa begani, nje gari jekundu linamngoja. Kwenye mabega alikuwa na vyeo vya kumeremeta, mkubwa hasa. Lakini Kasmiri, katika vyeo vyote vya polisi, alichokizoea mdomoni ni kimoja.

"Haya," akapiga fimbo. "Sasa huyu koplo anasema, toeni kila kitu! Koplo hataki mchezo! Mwone koplo anavyotazama huo mfuko!"

Benchi la nyuma likaanza kuchekea viganjani. Magesa alikuwa amekaa na sato wawili miguuni, wametungwa kwenye ukoka, amewapitia mwaloni kwa wavuvi kama alivyowapitia kila siku. Hakuwapokonya kwa teke. Alikuwa anasimama tu karibu na mtumbwi, anauliza hali ya watoto wa mvuvi, na mvuvi anajua kinachofuata.

Lukas, ambaye baiskeli yake ilishikwa na polisi kwa uchunguzi mpaka ikapotelea kwenye uchunguzi huo huo, akapaza sauti: "Kasmiri, muulize koplo wa humo ndani, yeye anabeba mfuko, mbona wa kwetu anabeba samaki?"

Nyumba ikalipuka. Wanawake walishikana mabega. Mimi mwenyewe nyuma ya kitenge niling'ata kanga, Mungu anisamehe.

Magesa akasimama. Hakupiga mtu. Alizima televisheni kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayezima taa ya chumba cha mgonjwa.

"Mama Hyasinta, kibali cha kuonyesha video kiko wapi?"

"Koplo, si ulinisindikiza mwenyewe kukiomba? Wamesema kinachapwa."

"Kikishachapwa utakuja kuchukua vyombo vyako. Kwa sasa ni vidhibiti."

Akachomoa waya, akawaamuru vijana wawili wabebe, akaondoka. Samaki aliwasahau pale chini. Hyasinta aliwapika jioni huku analia, na mimi nikamsaidia kuwala.

Wiki ya kwanza Hyasinta alikwenda kituoni mara nne. Wakafungua daftari la vidhibiti, wakapitisha kidole: hakuna deki, hakuna televisheni. Kitu kisichoandikwa hakikushikwa, na kisichoshikwa hakidaiwi. Kibali kikatoka, akakipeleka, wakakisifia kwamba kimechapwa vizuri.

Jumapili Pelagia akaja kunisalimia. Akakaa jikoni ananimenyea ndizi, analalamika. "Mama, watoto wamenishinda. Uji hawanywi, shule hawataki, kutwa wako chumbani kwetu wanatazama yule polisi anapiga milango mateke." Kisha kisu kikasimama kwenye ganda la ndizi.

"Chumbani kwenu," nikasema.

"Magesa alisema kituoni kuna panya."

"Aa. Panya wanakula televisheni."

"Mama, usianze. Na isitoshe tunahama. Amepata uhamisho wa Bunda, lori linakuja Jumamosi."

Nikaelewa. Deki ikishavuka kwenda Bunda ndani ya blanketi za Pelagia, Hyasinta hataiona tena maisha yake. Nilimwambia wifi jioni ile ile.

"Wifi, ni mume wa binti yako," akasema Hyasinta.

"Ndiyo."

"Ukienda kumlilia utavunja heshima yako. Usipokwenda, mimi narudi kuuza dagaa kwa kopo. Sitakulaumu lakini."

Hilo la kutonilaumu ndilo lililoninyima usingizi.

Jumamosi asubuhi nilioga, nikavaa kanga yangu ya kwendea kipaimara, nikachukua kigoda changu, na ungo wenye choroko ambazo hazijapembuliwa. Nyumba ya Magesa ilikuwa imezungushiwa ua wa minyaa, lango ni moja, upana wake kama ng'ombe wawili. Sikuingia ndani, maana mama mkwe haingii kwa mkwewe bila taratibu zake. Niliweka kigoda changu katikati ya lango, nje kidogo ya uwanja wake, nikakaa, nikaanza kutoa mawe kwenye choroko.

Pelagia akatoka na ndoo. Alipoona akaiangusha.

"Mama! Unafanya nini hapo?"

"Napembua choroko."

"Kwenu hakuna mahali pa kukaa?"

"Huku kuna mwanga mzuri."

Saa nne likafika lori kutoka Bunda. Dereva wake, Clementi, alikuwa mtu mnene mwenye taulo shingoni. Akanisalimia kwa heshima, akapita pembeni yangu yeye na wapakiaji wake wawili, wakaanza kutoa vitanda, magodoro, kabati la vyombo, kuku kwenye tenga. Sikumzuia mtu. Wao hawakuwa wakwe zangu.

Halafu nikasikia viatu. Kwa, kwa, kwa, vinakuja kutoka barabarani kwa mwendo wa mtu mwenye haraka. Vikafika kama hatua ishirini vikakwama. Nikavuta kanga usoni, nikainamia ungo. Viatu vikarudi nyuma, vikaingia majanini nyuma ya minyaa, vikatulia.

Funguo za chumba cha kulala alikuwa nazo yeye mfukoni. Akangoja niondoke. Sikuondoka. Jua likapanda, kuku wakaanza kulalama ndani ya lori.

Clementi akaja kuchuchumaa karibu yangu. "Bibi, mimi nimebeba pamba, nimebeba ng'ombe, nimebeba hata maiti wa mtu na jeneza lake. Ugomvi wa wakwe sijawahi kuubeba. Unataka nini nikakuombee?"

"Sitaki kitu, mwanangu. Nimekaa."

"Mwenzako yuko majanini anaumwa na siafu."

"Mpe pole."

Akaenda nyuma ya minyaa, wakanong'ona, akarudi na funguo. Akaingia chumbani akatoka na mzigo mkubwa umefungwa kwenye blanketi la kijivu, na mwingine mdogo juu yake. Alipofika kwangu nikanyoosha mguu kidogo.

"Hicho ni nini?"

"Ni... vitu vya koplo, Bibi."

"Vinaonekana vizito. Tua kwanza upumzike."

Na kweli jasho lilikuwa linamtiririka, akatua. Nami nikajivua kanga ya juu nikaitandika juu ya blanketi, kama mtu anavyofunika mtoto aliyelala. Clementi akatazama ile kanga. Akatazama mikono yake. Nguo ya mama mkwe wa mtu, hakuna mwanamume wa Mara anayeigusa hivi hivi mbele ya mwenyewe.

"Sasa hapo umeniweza," akasema, akaenda kukaa kwenye kivuli cha lori lake.

Majirani wakaanza kujikusanya ng'ambo ya barabara, kila mmoja kama ana shughuli pale. Askari wawili vijana wa kituo chao wakapita na baiskeli. Sauti ya Magesa ikawaita kutoka majanini. "Nyie, njooni mumwondoe huyu mama hapa langoni." Wakauliza, "Mama yupi, afande?" Angesema mama mkwe wangu? Wakanipa shikamoo, wakapanda baiskeli zao, na walipofika kwenye kona nikasikia wanacheka mpaka baiskeli moja ikaanguka.

Pelagia akaja kusimama mbele yangu, macho mekundu. "Mama unanidhalilisha. Watu wote wanatazama."

"Najua, binti yangu. Hata mimi wananitazama."

"Ni mume wangu. Unamfanya kama yule mshenzi wa kwenye filamu."

"Hapana. Mwite mume wako asogee karibu na minyaa, nizungumze na wewe na yeye asikie."

Ndivyo tunavyofanyaga. Maneno ya mkwe yanapita kwa mtu wa katikati. Viatu vikasogea. Nikaona kupitia matawi kitambaa cha kaki, na mkono unajikuna siafu.

"Mwambie mume wako," nikamwambia Pelagia, "ile filamu niliitazama yote, nyuma ya kitenge."

Pelagia akageukia minyaa. "Mama anasema aliitazama yote."

"Najua," sauti ikasema.

"Mwambie yule wa kwenye filamu hafanani naye hata kidogo. Yule anapiga mlango teke. Mume wako anabisha hodi. Yule hana mke, hana mtoto, hana mtu wa kumpelekea mfuko. Na mkwe wake nilimtafuta filamu nzima sikumwona."

Safari hii Pelagia hakurudia. Magesa alishasikia.

"Mwambie, ile sukari ya mwaka themanini na tatu niliinywa mimi. Ilikuwa ya mtu, na nilijua ni ya mtu. Na wale sato aliowaacha kwa Hyasinta, nimo katika waliowala. Nikimwita yeye mwizi, na mimi nikae upande gani wa daftari? Sikuja kumwita mwizi. Nimekuja kumwambia kwamba kwenye hiki sitaki kuwemo."

Akazungumza kutoka nyuma ya minyaa, na sauti haikuwa ya koplo, ilikuwa ya kijana aliyekuja na ng'ombe miaka tisa nyuma.

"Mwambie mama, walinicheka."

"Walikucheka, nimesikia. Na mimi nilicheka."

"Mwambie, sikutaka deki. Nilitaka wanyamaze. Nilipofika kituoni nikaona nikiiandika nitaulizwa kosa lake nini. Kosa lake nini? Kicheko? Nikaipeleka nyumbani kwa siku moja. Siku ya pili watoto wakawa wameizoea. Sasa nikiirudisha, Kigera nzima itasema Magesa aliiba."

"Watasema hivyo leo. Kesho watasema Magesa alirudisha. Mimi nitawakumbusha wakisahau, si unajua mimi sina haraka?"

Clementi kule kivulini akasema kwa sauti, "Hana haraka kweli!" na majirani wakacheka. Nikasubiri kuona kama Magesa atakasirika tena. Nilisikia kitu kama mtu anayepuliza pumzi kwa pua.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akatoka majanini. Akaja kinyumenyume, amenipa mgongo, shati la kaki limejaa mbegu za majani, mpaka akafika hatua tatu kutoka kwangu. Nikavuta gauni langu, nikainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa choroko, maana kanga yangu ilikuwa juu ya televisheni.

"Mama," akaniita mwenyewe, hakumpitia Pelagia. "Nisamehe."

"Mwanangu," nikasema.

Akatoa karatasi mfukoni, akaiegemeza kwenye paja, akaandika akiwa vile vile amegeuka. Akampa Pelagia, Pelagia akanipa. Niliisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Ilisema yeye koplo fulani, namba yake ya kazi fulani, alichukua deki moja na televisheni moja nyumbani kwa Hyasinta tarehe fulani bila kuziandikisha, na leo amezirudisha zikiwa nzima, na Hyasinta mwenyewe hakuwa na kosa. Chini akasaini jina lake lote.

Sikuwa nimemwomba karatasi. Karatasi ile ingeweza kumfukuzisha kazi, kama Hyasinta angetaka. Alimpa mtu kamba na shingo akaiacha wazi. Mtu mwenye miwani myeusi asingeiandika kamwe.

Nikainuka. Nilichukua kigoda na ungo, nikajitoa langoni, nikaingia majanini kama desturi inavyotaka, nikamgeuzia mgongo, mkwe wangu akapita akaingia kwake. Wapakiaji wa Clementi wakanibebea mizigo miwili mpaka kwa Hyasinta, kanga yangu bado iko juu yake, hakuna aliyethubutu kuivua. Hyasinta aliipangusa televisheni vumbi kwa upindo wa gauni lake, kila pembe, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Nilimsomea karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala, na ninavyojua haikuwahi kutoka humo.

Nilikuwa sijamuaga Pelagia. Hilo lilinikaa kifuani. Nilikuwa nimemwona anapanda lori bila kugeuka, na mtu akiondoka na hasira na mama yake, Bunda inakuwa mbali kama Ulaya. Nilitoka kusimama barabarani, nikaona lori linapita chini kuelekea njia kuu, kuku juu, magodoro juu, Magesa amekaa kwa nyuma juu ya kabati ametazama pembeni.

Lori likapita. Halafu likasimama, breki zikalia. Mlango wa mbele ukafunguka, Pelagia akashuka, akaja anakimbia barabarani na kanga inamfunguka, amenyanyua kitu mkononi.

"Mama! Rimoti! Watoto walikuwa wameificha kwenye unga!"

Ilikuwa nyeupe unga mtupu, vidude vyake havionekani. Akanipa, akabaki ameushika mkono wangu pamoja na hiyo rimoti, anahema.

"Magesa ndiye aliyesimamisha lori," akasema. "Amesema huwezi kurudisha kitu nusu." Akanipangusa unga kidevuni, sijui ulifikaje huko, kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka Clementi akapiga honi mara tatu.